Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuchuja Tetesi za Majaji Wapya na Hali ya Hatari Kabla ya Kuzisambaza

Ujumbe unaingia kwenye kikundi cha mtaa, cha chama au cha familia: Rais anajaza mahakama watu wake, Rais yuko mbioni kutangaza hali ya hatari, uchaguzi hautakuwepo. Wasomaji hunitumia picha za jumbe kama hizo wakiuliza kama ni kweli, na mara nyingi wanakuwa wameshazituma kwa watu wengine.

Wengi hukwama mahali pamoja. Wanauliza ni nani amesema. Akiwa mchambuzi wa upande wao wanaamini, na akiwa wa upande wa pili wanacheka. Hilo halimfikishi mtu popote. Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, jaji hateuliwi na hali ya hatari haitangazwi bila karatasi. Kazi yako ni kujua ni karatasi gani ingekuwepo kama dai lingekuwa kweli, kisha kwenda kuitafuta. Usipoipata, ulicho nacho ni makisio, hata kama anayekisia anavaa suti na anaketi studio.

Utakachohitaji

- Katiba ya Kenya. Pakua PDF kutoka tovuti ya Kenya Law na uihifadhi ndani ya simu, kwa sababu bando huisha wakati mbaya. Anayependa karatasi aulize kwa Mpiga Chapa wa Serikali, Haile Selassie Avenue. Tia alama Vifungu vya 25, 58, 102, 132, 135, 163, 166, 167, 168, 171 na 241. Hivyo vitakutosha kwa takriban kila tetesi ya aina hii.
- Tovuti nne. Kenya Law kwa Gazeti Rasmi la Serikali na hukumu, Tume ya Huduma za Mahakama yaani JSC, Bunge, na Mahakama. Ziweke kwenye alamisho za simu leo, usisubiri usiku wa taharuki.
- Kalenda na kikokotoo. Tetesi nyingi hufa kwa hesabu tu.
- Nusu saa ya utulivu. Mara ya kwanza itakuchukua zaidi.

Hatua ya 1: Vunja ujumbe vipande vipande

Usijaribu kuthibitisha ujumbe mzima kwa mpigo. Chukua huu, ambao nimeutunga kwa kufuata mtindo wa zile zinazozunguka:

"Wakuu, siri imetoboka. Ijumaa Rais anatangaza hali ya hatari. Majaji watano wapya wa Mahakama ya Juu wanaapishwa usiku ili kesi zikienda zitupwe. 2027 imeisha hivyo. Sambaza kabla hawajafuta."

Uandike upya kwa sentensi kavu:

1. Rais atatangaza hali ya hatari Ijumaa.
2. Mahakama ya Juu ina nafasi tano zilizo wazi.
3. Watu watano wameshateuliwa kuzijaza.
4. Hali ya hatari inaweza kuahirisha uchaguzi wa 2027.

Sentensi ya pili haikuandikwa popote kwenye ujumbe, lakini bila hiyo ya tatu haina pa kusimama. Tafuta kila mara dai la namna hiyo lililofichwa chini ya jingine, kwa kuwa aghalabu ndilo rahisi kukagua. Sentensi ya kwanza inahusu kesho, na hakuna mtu anayeweza kuikagua leo. Ya pili, ya tatu na ya nne zinakaguliwa sasa hivi, ukiwa umekaa kwenye matatu.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila sentensi inasema nani, amefanya nini na lini. Ikibaki na maneno kama "mfumo" au "wao", bado hujaivunja vya kutosha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni nchi gani inayozungumzwa

Sehemu kubwa ya hofu inayosambaa Nairobi imeagizwa kutoka nje. Mtu ametazama video ya wachambuzi wa Marekani, kisha akaweka jina la Rais wetu mahali pa jina la Rais wao. Mifumo hii miwili haifanani, na tofauti zenyewe ndizo zinazobeba tetesi.

Marekani, idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu imewekwa na sheria ya kawaida ya Congress, yaani bunge lao. Wamekuwa 9 tangu 1869, na ndiyo maana kule mjadala wa kuongeza majaji huibuka tena na tena. Kenya, Kifungu cha 163 chenyewe kinataja idadi: Jaji Mkuu, Naibu wake na wengine watano. Saba basi. Kumpachika wa nane ni kubadilisha Katiba.

Kule jaji huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Seneti, na hukaa maisha. Kwa hiyo mvutano wa vyama huwa mkali: mwaka 2016 Seneti ilikataa hata kumhoji Merrick Garland, aliyependekezwa kwa Mahakama yao ya Juu, na mwaka 2020 ikampitisha Amy Coney Barrett siku nane kabla ya uchaguzi. Hapa kwetu Seneti haina kazi yoyote katika uteuzi wa majaji. Ukisoma kwamba "maseneta wamehongwa wapitishe majaji", mwandishi hajui anazungumzia nchi gani.

Kuhusu dharura, sheria ya Marekani ya 1976 inamruhusu Rais kuitangaza peke yake na kuihuisha kila mwaka. Ile iliyotangazwa Novemba 1979 kuhusu Iran imekuwa ikihuishwa miaka nenda miaka rudi. Mkenya akisikia hivyo anadhani na hapa inawezekana. Haiwezekani, na sababu zipo katika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Weka dai la majaji kwenye kituo chake

Njia ya kuwa jaji ina vituo, na kila kituo huacha karatasi. Swali lako ni dai hili limefika kituo kipi.

*Nafasi kuwa wazi.* Jaji amefariki, amejiuzulu, ameondolewa, au umri umefika. Kifungu cha 167 kinamstaafisha akiwa na miaka 70, na kinamruhusu kuondoka kwa hiari kuanzia 65. Jaji Mkuu ana kikomo cha ziada cha miaka 10, na kinachotangulia kati ya hivyo viwili ndicho kinachomtoa. Martha Koome aliapishwa tarehe 21 Mei 2021, kwa hiyo miaka 10 ingemfikisha 2031. Lakini alizaliwa 1960, basi umri ndio utakaomtoa, mwaka 2030. Mtu akikwambia muhula wake unaishia mwaka wa uchaguzi wa 2027, hesabu hiyo inatosha kumjibu.

*Tangazo la kazi, orodha fupi na mahojiano.* JSC hutangaza nafasi hadharani, huchapisha majina, hukaribisha maoni ya wananchi, kisha huwahoji waombaji hadharani. Waliofuatilia mahojiano ya Jaji Mkuu mwaka 2021 wanakumbuka yalivyorushwa moja kwa moja na jinsi waombaji walivyobanwa. Hakuna jaji anayeruka sehemu hii. Tetesi ikisema watu watano wanaapishwa kesho, uliza: waliomba lini, na walihojiwa lini?

*Mapendekezo.* JSC hupeleka majina kwa Rais. Kwa nafasi ya Jaji Mkuu, baadhi ya watu bado husema Rais huletewa majina matatu achague. Bunge lilijaribu kuweka utaratibu huo mwaka 2015, na Mahakama Kuu ikaufuta mwaka 2016. Linakwenda jina moja.

*Bunge la Kitaifa.* Kituo hiki ni cha Jaji Mkuu na Naibu wake pekee. Majaji wengine hawapiti bungeni.

*Uteuzi na kiapo.* Rais huteua kwa kufuata mapendekezo ya JSC, tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, na kiapo hufuata.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu historia ya karibuni inaonyesha kituo kibovu ni kipi. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza watu 41 kwa Mahakama ya Rufaa na mahakama nyingine. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2020 kwamba Rais hana hiari ya kuchagua amteue nani na amwache nani. Bado akasubiri. Tarehe 3 Juni 2021 aliteua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki, na sita wakaachwa nje, miongoni mwao George Odunga na Joel Ngugi. Hao sita waliteuliwa na William Ruto siku alipoapishwa kuwa Rais, 13 Septemba 2022, nao wakaapishwa kesho yake.

Ona basi upande ambao nguvu ilitumika. Rais hakuongeza majaji wake, bali alikalia majina ya majaji aliopelekewa. Mtu akinijia na tetesi ya kuchelewesha, ninaisikiliza kwa makini, maana njia hiyo imewahi kutumiwa na hukumu ya mahakama haikutosha kuifunga. Akinijia na tetesi ya majaji walioapishwa kisirisiri usiku, ninamwomba karatasi.

Kuna pia hoja kwamba tume yenyewe ni ya Rais. Ihesabu, usiimeze wala kuitema. Kifungu cha 171 kinaipa JSC wanachama 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Wanne ni majaji na mahakimu waliochaguliwa na wenzao, wawili ni mawakili waliochaguliwa na mawakili. Mmoja hutoka Tume ya Utumishi wa Umma. Wanaopita mikononi mwa Rais, kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, ni Mwanasheria Mkuu na wawakilishi wawili wa wananchi. Ushawishi upo, na ni haki kuujadili. Lakini watatu kati ya 11 si wengi, na anayedai tume imetekwa aeleze kura nyingine tatu zimetoka wapi.

Tetesi za kumng'oa jaji zina njia yake, Kifungu cha 168: ombi huenda JSC, JSC ikiridhika hulipeleka kwa Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la uchunguzi kwa kufuata mapendekezo ya tume. Kuwasilisha ombi ni jambo jepesi, mwananchi yeyote anaweza. Kwa hiyo kichwa cha habari kinachosema "ombi la kumwondoa Jaji Mkuu lawasilishwa" kinaweza kuwa kweli tupu na kisimaanishe kwamba kuna mtu anayeondoka.

Hatua ya 4: Pima dai la hali ya hatari kwa Kifungu cha 58

Wengi huishia Kifungu cha 132, kinachosema Rais anaweza kutangaza hali ya hatari, wakapiga picha ya mstari huo na kuusambaza. Mstari wenyewe unasema mamlaka hayo yako chini ya Kifungu cha 58. Fungua hicho, ukisome chote.

Masharti yake, kwa lugha ya kawaida:

- Lazima taifa liwe linatishiwa na vita, uvamizi, uasi wa jumla, machafuko, janga la asili au dharura nyingine ya umma, na tangazo liwe la lazima kukabili hali hiyo. Yote mawili kwa pamoja.
- Tangazo haliwezi kurudi nyuma kuhalalisha lililokwisha kufanyika.
- Linadumu siku 14, si zaidi, isipokuwa Bunge la Kitaifa liongeze muda baada ya mjadala wa wazi.
- Nyongeza ya kwanza inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Zinazofuata zinahitaji robo tatu. Kila nyongeza haizidi miezi miwili.
- Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo, nyongeza, au hatua yoyote iliyochukuliwa kwa ajili yake ni halali.
- Serikali haiwezi kutumia tangazo hilo kujipa kinga kwa vitendo vilivyovunja sheria.

Sasa chukua kikokotoo. Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti na 12 walioteuliwa na vyama, jumla 349 ukimwacha Spika. Theluthi mbili ni 233. Robo tatu ni 262. Na hesabu ni ya wabunge wote, hata wale waliolala nyumbani. Mbunge asiyefika ni sawa na kura ya hapana. Anayekwambia hali ya hatari itakaa mwaka mzima anakwambia kwamba kila baada ya miezi miwili watapatikana wabunge 262 wa kusimama upande mmoja. Huenda ikawezekana. Mwulize majina.

Kifungu cha 25 nacho kinataja haki zisizoguswa hata hapo: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na amri ya kumfikisha mtu aliyezuiliwa mbele ya mahakama.

*Vitu vinavyofananishwa na hali ya hatari*

Makosa mengi zaidi hutokea hapa. Tangu Katiba hii ianze kutumika mwaka 2010, Kifungu cha 58 hakijawahi kutumika kutangaza hali ya hatari. Yaliyotumika ni mamlaka mengine.

Kafyu ya nchi nzima iliyoanza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilitolewa na waziri chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Ilidumu, kwa saa zilizobadilikabadilika, hadi Oktoba 2021. Kifungu cha 58 hakikuguswa.

Ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa Septemba 2021 ulihusu misaada na bajeti. Hakuna haki ya mtu iliyosimamishwa.

Wanajeshi walioingia barabarani Juni 2024, baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25, walipelekwa chini ya Kifungu cha 241. Waziri wa Ulinzi wakati huo, Aden Duale, alichapisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi siku hiyohiyo, Bunge la Kitaifa likaidhinisha kesho yake, na Mahakama Kuu ikakataa kuwarudisha kambini lakini ikaiagiza serikali ichapishe upeo na muda wa kazi yao. Kwa kuwa tangazo lilitaja dharura ya usalama, wiki hiyo nusu ya mji uliapa kwamba hali ya hatari imetangazwa. Haikuwa imetangazwa.

Onyo kubwa: usimalize hatua hii ukidhani kwamba pasipo Kifungu cha 58 mambo ni shwari. Siku za mwanzo za kafyu ya 2020 polisi waliwapiga raia na kuua, akiwemo mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Haikuhitajika hali ya hatari. Kwa maoni yangu, tunaogopa mamlaka makubwa ambayo yamefungwa kwa kufuli tatu, huku yale madogo, yanayotiwa saini na waziri mchana kweupe, yakipita bila hata mtu kuyasoma.

*Na uchaguzi je?*

Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa mwaka 2027 hiyo ni tarehe 10. Kifungu cha 102 kinaruhusu muda wa Bunge kuongezwa Kenya ikiwa vitani tu, kwa theluthi mbili ya kila bunge, Seneti ikiwemo, miezi sita kwa wakati mmoja na jumla isiyozidi 12. Hakitaji hali ya hatari. Sentensi ya nne ya ujumbe wetu imeanguka hapo.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja mamlaka yanayodaiwa ni ya kifungu au sheria gani, yanadumu muda gani, na nani anaweza kuyazuia.

Hatua ya 5: Tafuta karatasi yenyewe

Kifungu cha 135 kinasema uamuzi wa Rais anaotekeleza kwa mujibu wa Katiba lazima uwe wa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Tamko la jukwaani Githurai halitoshi. Wala mahojiano ya redio.

Uteuzi wa jaji hutafutwa kwenye Gazeti Rasmi. Toleo la kawaida hutoka Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka siku yoyote. Fungua Kenya Law, chagua mwaka, tafuta toleo la tarehe iliyotajwa. Kisha fanya hivi:

1. Angalia namba ya tangazo. Namba huanza upya kila Januari na kupanda kwa mfululizo. Picha ya tangazo la Februari yenye namba kubwa kuliko za Novemba iliyopita ni ya kutiliwa shaka.
2. Soma tangazo lililotangulia na linalofuata ndani ya PDF. Anayeghushi hutengeneza tangazo moja. Hatengenezi toleo zima lenye hati za mashamba zilizopotea na maombi ya mirathi.
3. Soma kifungu kilichotajwa mwanzoni. Uteuzi wa jaji hutaja Kifungu cha 166. Nimeona picha ya "uteuzi wa jaji" iliyotaja kifungu kisichohusu mahakama hata kidogo, na watu wazima wenye digrii wakaibeba.
4. Linganisha tarehe ya saini na tarehe ya toleo. Saini haiwezi kuja baada ya toleo.

Tahadhari moja: tovuti wakati mwingine huchelewa kupandisha toleo maalumu. Kukosa kuliona usiku huohuo hakuthibitishi kwamba picha ni feki. Andika "bado haijaonekana", kisha rudi kesho.

Kwa kura za Bunge, soma orodha ya shughuli za siku na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kwa uamuzi wa mahakama, soma amri yenyewe ukurasa wa mwisho. Vichwa vya habari hupenda kuandika "mahakama yazima" hata pale jaji alipotoa amri ya muda tu hadi pande zote zisikizwe.

Hatua ya 6: Mpime msemaji, lakini mwishowe

Nimeiweka hatua hii baada ya karatasi kwa makusudi. Ukianza nayo utaishia kwenye ukabila na uchama.

Jaribio ni moja. Soma ujumbe tena ukibadilisha jina la Rais na la mpinzani wake. Kama ungeucheka ukiwa umeelekezwa upande wa pili, usiusambaze ukiwa umeelekezwa huu. Kisha angalia vitenzi: "inadaiwa", "duru zasema", "huenda", "yuko mbioni". Mwandishi anayejua kituo hukitaja. Asiyejua hukimbilia vitenzi hivyo.

Wakili anayezungumza kwa niaba ya mteja wake naye ni msemaji wa upande mmoja. Anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu sheria na bado akawa anakisia kuhusu nia ya Ikulu.

Hatua ya 7: Jibu kikundi bila kumwaibisha mtu

Aliyetuma ujumbe huenda ni shangazi yako, au mzee wa mtaa. Ukimjibu kwa dharau, watu watamtetea yeye na tetesi yake kwa pamoja. Yape madai lebo tatu tu: limetokea, liko njiani, au ni makisio. Mfano wa jibu:

"Mama Brian, asante kwa kutujulisha. Nimeangalia. Mahakama ya Juu ina majaji saba kwa Katiba na haijatangazwa kwamba nafasi tano ziko wazi. JSC haijawahoji watu watano. Hilo ni makisio. Hali ya hatari: hakuna tangazo kwenye Gazeti hadi leo saa mbili usiku, na hata ikitangazwa ni siku 14 mpaka Bunge lipige kura. Uchaguzi hauahirishwi na Kifungu cha 58. Nikiona karatasi nitaileta hapa mwenyewe."

Weka saa uliyokagua. Jambo linaweza kubadilika saa tatu, na saa hiyo ndiyo itakayokuokoa. Usiandike "ni uongo" pale ambapo ulichothibitisha ni kwamba karatasi haipo. Na ukiweza, mpigie simu aliyetuma kabla ya kumjibu mbele ya watu mia mbili. Mara nyingi huufuta ujumbe mwenyewe.

Hatua ya 8: Ikiwa karatasi ipo kweli

Siku moja unaweza kuikuta. Hapo kazi hubadilika kutoka kukagua hadi kuhesabu.

Hifadhi PDF ya toleo zima, si picha. Andika tarehe ya tangazo na uhesabu siku 14 kwenye kalenda. Siku ya mwisho izungushie wino mwekundu. Soma ni eneo gani linalohusika na ni sababu gani kati ya zile za Kifungu cha 58 iliyotajwa. Sheria yoyote mpya ya kubana haki chini ya tangazo hilo haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti, kwa hiyo askari akitaja sheria, mwulize kwa upole ni ipi na ya tarehe gani, ikiwa mazingira ni salama kufanya hivyo. Yasipokuwa salama, nenda nyumbani, andika jina la kituo cha polisi, namba ya gari na saa.

Fuatilia kikao cha Bunge cha kuongeza muda na uangalie jinsi mbunge wako alivyopiga kura. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akidai Katiba inavunjwa, hata kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Mtu wako akikamatwa, amri ya kumfikisha mbele ya mahakama bado ipo. Mpelekee wakili jina kamili la aliyekamatwa, mahali alipochukuliwa na saa aliyochukuliwa.